Nipande Nini Kati ya Miparachichi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ekari moja ya parachichi aina ya Hass ikipimwa mita 7 kwa 7 inaingia miche 82 hivi. Ukiupa kila mche duara la mita moja kila upande wa shina, miche yote kwa pamoja inachukua kama mita za mraba 257 kati ya 4,047. Ardhi iliyobaki iko wazi, na mkulima atakayesubiri miaka mitatu au minne kabla ya mavuno ya maana hawezi kuitazama tu ikiota magugu. Ndiyo maana swali la kuchanganya mazao linarudi kila msimu, kuanzia Njombe na Rungwe hadi Siha na Murang'a. Majibu haya yanamlenga anayelima parachichi la kuuza, hasa Hass na Fuerte, lakini mengi yanamfaa hata mwenye mti mmoja nyuma ya nyumba.

Kwa nini mparachichi unachagua majirani kuliko mwembe?

Sababu iko kwenye mizizi. Nenda kwenye mti wa miaka miwili uliowekewa matandazo vizuri, usogeze majani makavu kwa vidole, bila jembe. Mara nyingi kabla hujaufikia udongo wenyewe utakutana na vizizi vyeupe, laini, vilivyopanda juu kufuata unyevu kwenye majani yanayooza. Hivyo ndivyo vinavyoulisha mti. Sehemu kubwa ya vizizi hivyo hukaa ndani ya sentimita 30 za juu, na havina vinyweleo vingi vya kufyonza maji kama mimea mingi mingine.

Hapo matatizo mawili yanajitokeza. La kwanza ni jembe: kila unapolima karibu na shina unakata midomo ya mti. La pili ni maradhi ya udongoni. Kimelea cha jamii ya fitofthora, kinachoozesha mizizi, husafiri kwenye udongo uliojaa maji na kuingia kwenye vizizi hivyo. Ndicho adui mkubwa wa parachichi duniani kote, na kikishaingia shambani hakitoki.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina la zao, uliza linalimwaje, linavunwaje na linapuliziwa nini. Mazao mengi yanayoonekana hayana madhara huharibu miparachichi kwa njia hizo tatu.

Zao gani ni salama zaidi kwa anayeanza?

Maharage mafupi, yale yasiyohitaji miti ya kupandia. Yanakomaa kwa miezi mitatu hivi, hayafuniki mche kwa kivuli, hayahitaji kufukuliwa wakati wa kuvuna, na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Sehemu ya naitrojeni hiyo huondoka na punje unazovuna, kwa hiyo usitegemee maharage pekee kuulisha mti. Faida yake huonekana zaidi ukikata mashina usawa wa ardhi badala ya kung'oa, mizizi ikabaki kuoza chini, kisha mabua na makapi ukayarudisha kama matandazo.

Njegere nazo ni nzuri kwenye maeneo ya baridi, na soya pia. Kunde zinafaa maeneo ya chini yenye joto, ila chagua zisizotambaa. Ngwara, mukuna na maharage ya kutambaa ni malisho mazuri ya udongo, lakini hupanda juu ya mche usiku na mchana. Ukikaa wiki tatu bila kwenda shamba utaukuta mche umefungwa kama mzigo wa kuni. Yapande tu kama una mtu wa kuyakata mara kwa mara.

Karanga naziweka nafasi ya pili. Ni jamii ya mikunde, ila kuzivuna ni kufukua udongo, kwa hiyo zikae katikati kabisa ya mistari.

Kwetu kila mtu anapanda viazi mviringo kati ya miparachichi. Kuna ubaya gani?

Swali hili linastahili jibu refu, maana Nyanda za Juu Kusini viazi ndivyo vinavyolipa ada na ndivyo vilivyogharamia mashamba mengi ya parachichi. Simlaumu anayevipanda. Lakini inafaa ajue anachokubali.

Kwanza, kiazi ni kazi ya jembe mwanzo hadi mwisho. Unatifua kupanda, unainulia matuta, halafu unafukua kuvuna, na mara nyingi mtu anayevuna halipwi kwa kulinda mizizi ya mparachichi. Mti wa mwaka mmoja unaweza kuvumilia kama umepewa nafasi. Wa mwaka wa tatu mizizi yake imeshafika kwenye tuta.

Pili, kuna fangasi wa udongoni anayeitwa vetisiliamu. Viazi ni mmoja wa wenyeji wake, yaani mimea anayoishi ndani yake, na fangasi huyo hukaa udongoni miaka mingi baada ya zao kuondolewa. Akiingia kwenye mparachichi huziba njia za maji ndani ya mti. Utaona tawi moja au upande mmoja wa mti umenyauka ghafla, majani yamekauka yakawa kahawia lakini hayaanguki, yananing'inia palepale kwa muda mrefu. Ukichuna gome la tawi hilo utakuta michirizi ya kahawia kwenye mti wa ndani. Habari njema ni kwamba miti mingi hupona na kuchipua tena, kwa hiyo usikimbilie kung'oa.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, ni dawa. Viazi hupuliziwa mara nyingi kwa ajili ya ukungu, na upepo hauulizi mpaka wa mstari. Dawa zenye mankozebu zimezoeleka sana madukani kwetu, lakini Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoiongezea idhini. Mabaki ya dawa hupimwa sokoni, na tunda likikutwa nayo kupita kiwango, mnunuzi hajali kwamba ulikuwa unatibu viazi.

Ushauri wangu: viazi vikae msimu wa kwanza na pengine wa pili, umbali usiopungua mita moja na nusu kutoka shina, na kamwe visiwepo wakati mti umebeba matunda. Kama una kipande kingine cha shamba, hata kidogo, vipeleke huko.

Nyanya, pilipili hoho, bilinganya, bamia na stroberi je?

Zikae mbali. Zote ni wenyeji wa vetisiliamu, na nyanya hupuliziwa dawa pengine kuliko zao lolote la bustani. Pilipili ina kosa la ziada, ambalo nitalieleza kwenye wadudu.

Shamba langu limelimwa viazi na nyanya miaka mingi. Nisipande parachichi kabisa?

Panda, lakini uliandae. Lima nafaka kwa misimu kadhaa kwanza: mahindi, ngano au ulezi, kwa sababu nafaka hazimlishi vetisiliamu. Nunua miche iliyobebeshwa (kikonyo cha aina unayotaka kikiungwa kwenye shina la mche mwingine) kwenye kitalu kinachojua asili ya mbegu zake. Vikonyo vilivyobebeshwa kwenye shina la asili ya Meksiko huvumilia ugonjwa huu zaidi ya vile vya shina la asili ya Guatemala. Muulize mwenye kitalu, na asipojua tafuta mwingine.

Mahindi yanafaa?

Mwaka wa kwanza ndiyo, kwa masharti. Yaanze mita moja na nusu kutoka shina, na upande wa jua la asubuhi uachwe wazi zaidi. Mahindi hula naitrojeni nyingi, kwa hiyo mche uliopandwa katikati ya mahindi bila mbolea yake mwenyewe utaonekana wa njano hata kama mvua ni nzuri. Wengi hudhani mche una ugonjwa, kumbe una njaa.

Baada ya kuvuna, usichome mabua wala usiyatoe nje. Yalaze kuzunguka miti kama matandazo. Kwa mtazamo wangu, hayo mabua ndiyo faida kubwa kuliko gunia mbili tatu utakazopata.

Nina migomba na kahawa, kama vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro. Niingize miparachichi?

Huko parachichi la kienyeji limekaa na kahawa na migomba kwa vizazi, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Tatizo ni kivuli. Mparachichi una majani mazito yasiyodondoka yote kwa pamoja, na mti uliootea kutoka kwenye kokwa unaweza kupita mita 15. Kahawa inapenda kivuli chepesi, kile cha mgrivilea au cha miti ya jamii ya albizia. Chini ya mparachichi mnene itarefuka na kuzaa kidogo. Ukitaka vyote viwili, weka miparachichi michache ya kubebeshwa pembezoni, uikate vilele mapema, na kahawa ibaki katikati.

Migomba ni jirani mzuri wa mche mchanga sehemu zenye jua kali na upepo, kwa kuwa hutoa kivuli cha kupita na mabua yake hushika unyevu. Lakini mgomba hunywa maji mengi na kufyonza potasiamu nyingi, vitu viwili ambavyo parachichi linavihitaji wakati wa kujaza matunda. Upande migomba katikati ya mistari, uzuie machipukizi yasizidi matatu kwa shina, na kufikia mwaka wa nne uanze kuiondoa.

Na magimbi?

Magimbi ni kipimo zaidi ya kuwa jirani. Pale yanapostawi bila kumwagiliwa, kwenye vinyungu (bustani za bondeni) na mabonde yenye maji karibu, hapo usipande mparachichi. Maji yaliyotuama kwa siku chache yanatosha kuipa fitofthora nafasi.

Shamba langu linapakana na milingoti (mikaratusi). Niifyeke?

Kama ni yako na iko mita chache kutoka mstari wa kwanza, ndiyo. Mlingoti hunywa maji kwa nguvu, mizizi yake huenda mbali kupita kivuli chake, na utauona mstari wa miparachichi ulio karibu umedumaa wakati mistari ya tatu na ya nne ni mizima. Kama ni ya jirani na haiwezi kukatwa, acha nafasi ya mita 20 hivi na uchimbe mtaro wa kukata mizizi mpakani, uurudie kila baada ya miaka michache.

Paina na baadhi ya aina za milingoti hupatwa pia na fitofthora ileile. Magharibi mwa Australia kimelea hicho kimeangamiza misitu mikubwa ya asili ya milingoti. Kwa hiyo usisafirishe udongo kutoka msituni kwa viatu, majembe au matairi ya trekta bila kusafisha.

Basi upepo nitaukinga kwa nini?

Kwa mgrivilea. Mizizi yake huenda chini, hukubali kupunguzwa matawi, na majani yake ni matandazo mazuri. Panda mstari mmoja au miwili upande unaotoka upepo, mita 6 hadi 8 kutoka miparachichi. Kinga ni ya lazima kwenye miinuko, kwa sababu tunda la Hass likisuguana na tawi linapata makovu, na tunda lenye kovu haliingii kontena la kwenda nje.

Makadamia na parachichi kwenye shamba moja?

Kenya ya kati wakulima wengi wanayo yote mawili, na kibiashara ina maana kwa sababu si lazima bei zake zianguke pamoja. Lakini zote ni miti mikubwa inayotaka jua, na zote hupatwa na fitofthora. Zipande kwenye sehemu tofauti za shamba, usizipishanishe kwenye mstari mmoja, na maji ya mvua yasitiririke kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Nanasi nalo huozeshwa na kimelea hichohicho, kwa hiyo halifai kuwa zao la katikati.

Mpera, mwembe na mnyonyo vina shida gani?

Vinaleta wadudu wa matunda. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na kusambaa haraka sehemu kubwa ya Afrika. Mwembe na mpera ndio nyumba zake. Hass mbichi, ngumu, haimvutii sana, lakini tunda lililoachwa likaiva na kuanguka chini humkaribisha.

Mbaya zaidi kwa muuzaji wa nje ni nondo ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kuingia ndani. Huzaliana kwenye mnyonyo, mpera, michungwa, pilipili na hata mahindi. Nchi zinazonunua humtafuta kwa makini, na kiwavi mmoja kwenye sanduku anaweza kuufunga mzigo mzima. Tangu Tanzania isaini mkataba wa kuuza parachichi China Novemba 2022, suala hili limekuwa la kila mkulima. Ng'oa minyonyo kwenye mipaka ya shamba lako. Mpera mmoja wa watoto karibu na nyumba unaweza kubaki, mradi matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kuzikwa.

Nipande maua ya kuvutia nyuki?

Ndiyo, na hapa watu hukosea wakati. Ua la parachichi halimvutii sana nyuki. Akiwa na alizeti au milingoti iliyochanua jirani, ataliacha lako aende huko. Unachotaka ni mimea inayochanua kabla na baada ya parachichi, ili nyuki wakae eneo hilo mwaka mzima, na parachichi linapochanua lisiwe na mshindani. Mrehani, giligilani iliyoachwa ikatoa maua, na maboga yaliyopangwa vizuri vinasaidia. Alizeti isikae ndani ya shamba, maana nayo ni mwenyeji wa vetisiliamu.

Jirani bora wa Hass wakati wa maua ni mparachichi mwingine. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hufunga, halafu hufunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa dume. Fuerte hufanya kinyume: jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Fuerte mmoja kwa kila miti minane au tisa ya Hass, iliyotawanywa, humpa nyuki kazi ya maana. Usipulizie dawa ya wadudu wakati huo, kwenye parachichi wala kwenye zao la katikati.

Naweza kupanda mabingobingo ya ng'ombe katikati?

Hapana. Yanakula chakula chote, yanakunywa maji yote, na mizizi yake ni mkeka usiopenyeka. Yaweke kwenye makingamaji ya mpakani. Samadi ya ng'ombe aliyeyala ndiyo irudi kwenye miti, ikiwa imeoza vizuri.

Na mbuzi nikiwafunga chini ya miti?

Usifanye hivyo. Majani ya mparachichi yana sumu iitwayo pasini. Mbuzi, kondoo, farasi na sungura wanaweza kuathirika moyo, na anayenyonyesha huweza kuvimba kiwele maziwa yakakauka bila maambukizi yoyote. Majani ya aina zenye asili ya Guatemala, Hass ikiwemo, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Matawi uliyopogoa yasitupwe zizini.

Kitunguu saumu na mchaichai vinafukuza wadudu?

Harufu inaweza kuwachanganya baadhi, lakini usiache ukaguzi kwa sababu umepanda mstari wa vitunguu. Kama zao la kuuza, kitunguu ni jirani anayekubalika kwa miche michanga: mizizi yake ni mifupi na kivuli chake hakina uzito. Mchaichai hushika udongo kwenye mteremko. Uweke kwenye kontua (mistari inayokata mteremko kwa usawa), mbali na shina.

Miti ikishafunga vivuli, nipande nini chini?

Kwa sehemu kubwa, usipande. Mti wa miaka mitano ukipewa nafasi ya mita mbili au zaidi kila upande, kilichobaki katikati kinatosha njia ya kuvunia na mstari mwembamba wa mikunde. Tangawizi na manjano huvumilia kivuli, ila kuvuna kwake ni kufukua mizizi ya mparachichi.

Badala yake kuza matandazo nje na kuyaleta ndani. Alizeti pori inayoota kandokando ya barabara ina naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Ikate kabla haijatoa mbegu uilaze chini ya miti. Vipande vya miti vilivyosagwa na mabua magumu vina kazi nyingine: vinapooza hulea viumbe vidogo vinavyokula kuta za seli za fitofthora, jambo ambalo wakulima wa Queensland, Australia, walilitumia kwa kuunganisha matandazo, samadi ya kuku na chokaa. Unene wa sentimita 10 hadi 15 unafaa. Acha kiganja kizima kati ya matandazo na gome la shina, lisije likaoza.

Nitajuaje kwamba zao la katikati linauumiza mti?

Linganisha miti. Acha mistari miwili bila zao lolote, yenye matandazo tu, na uitazame pamoja na mingine. Miti iliyochanganywa ikiwa na majani madogo, yaliyopauka, na machipukizi mafupi, fukua kidogo kwa vidole pembeni mwa kivuli. Vizizi vikiwa vyeupe na vinapinda bila kukatika, mti una njaa au kiu: sogeza zao mbali, ongeza samadi na maji. Vikiwa vyeusi na vinavunjika kama kijiti kikavu, au huvioni kabisa, hiyo ni fitofthora. Usimwagilie zaidi, hata kama majani yanaonekana yamenyauka. Fungua mitaro ya kutoa maji, acha kulima hapo, weka matandazo, na umwite afisa ugani kabla ya kununua dawa yoyote.